Kamba ya Mikunjo Mitatu

Maskati

Kaka yangu Othmani,

Shikamoo. Marahaba yako siingoji, kwa sababu simu umenifungia tangu Ijumaa ile, na karatasi haina masikio. Hujambo lakini? Presha imeteremka? Wifi yangu Maryam goti lake limepoa, au bado anapanda ngazi kwa kuegemea ukuta? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila mikono imechanika kwa dawa ya kusafishia sakafu, na joto la huku mwezi huu linaingia mpaka ndani ya mito ya kulalia. Nakula, nalala, nasali. Watu wa nyumba hii hawanipigi. Nakwambia hilo mapema kwa sababu najua hutouliza.

Barua inakuja kwa mkono wa Bi Salma wa Kiembe Samaki, ambaye tulikuja huku pamoja na sasa amemaliza mkataba wake anarudi nyumbani. Nimemwomba akupe mwenyewe, mkononi, na akae mpaka umalize kusoma. Ikiwa yuko hapo mbele yako, mpe chai na usimfokee. Yeye amebeba bahasha mbili tu, na ya pili si yako.

Wewe unangoja saini yangu. Ulinitumia karatasi ya mpimaji, shamba la marehemu baba la Makunduchi limechorwa vipande viwili, chako na changu, ili sote wawili tukubali mwekezaji akodi na kujenga nyumba za wageni. Kipande chako peke yake hakitaki. Kisima kiko kwangu, na upande ule wote wa mawe hakuna kisima chengine cha maji matamu. Ukasema nikitia saini nitapata fungu langu, nitarudi, na mwanangu Nasra atarudi kwako Kikwajuni afanye mtihani wake wa kidato cha sita kwa raha. Nisipotia, akae huko huko shamba na mihogo. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kabla hujanifungia simu. Jibu utalipata, lakini halipo hapa mwanzoni. Umezoea kusomesha watu, leo kaa usomeshwe.

Nianze na siku ya kamba. Wewe unaikumbuka, lakini nitaieleza yote kama vile hukuwepo, maana huenda barua hii ikasomwa na mwengine baada yako.

Baba alikuwa ameshatimiza arubaini yake. Mama alikwisha mtangulia, na watoto tulikuwa wawili tu, wewe mkubwa na mimi mdogo. Sheria ya mirathi iko wazi: wewe mafungu mawili, mimi moja. Sikulalamika siku ile na silalamiki leo. Theluthi yangu ilikuwa inanitosha. Shamba lenyewe umbo lake ni kama kipande cha mkate wa kumimina. Ncha iko kisimani, kuta mbili za mawe zinatoka hapo na kuendelea zikiachana, na ukingo wa mwisho ni ile njia iliyopinda. Babu ndiye aliyeipinda. Alifunga kamba kwenye nguzo ya kisima, akaivuta mpaka ikakaza, akatembea nayo kutoka ukuta mmoja mpaka wa pili, na alipopita pakawa mpaka. Hatua sitini kutoka kisimani hadi njiani, popote utakapozipimia.

Basi wewe ukaja na kanzu yako nyeupe na shahada yako ya hesabu. Wazee wamekaa, shangazi Bi Kazija yupo, sheha yupo. Ukachukua kamba ya makumbi, ukaipima kutoka kisimani mpaka njiani, halafu ukaikunja mikunjo mitatu iliyolingana, kila mtu anaona. Mkunjo wa mwanzo, hatua ishirini kutoka kisimani, ukaamrisha ipangwe safu ya mawe.

"Hapa ndani pa Zuhura," ulisema. "Mikunjo miwili ya huko nje ndiyo yangu. Na kisima nampa yeye, maana mwanamke ndiye anayeteka maji."

"Mashaallah!" akasema shangazi. "Msomi, na ana huruma na ndugu yake."

Siwalaumu wazee. Kwao kamba ndiyo hakimu. Mwani wanaupanda kwa kamba, na kamba ya mwani ukiikunja tatu kila mtu anapata theluthi yake ya kweli, kwa sababu ni mstari mmoja tu ulionyooka. Ukili wa mkeka hivyo hivyo. Maisha yao yote kamba haijawahi kuwadhulumu. Hawakujua kwamba shamba linalopanuka halikunjiki kama mwani. Nami nikatia dole gumba na saini pia, maana nilikuwa na A ya hesabu ya kidato cha nne na niliona nikitia dole tu mtanidharau.

Ilipokuja mvua tukapanda mihogo. Kwangu vikaingia vikonyo sabini vya kupandia. Kwako, kwa nafasi ile ile kutoka shimo hadi shimo, nilivihesabu kimoja kimoja, mia tano na sitini. Nikaja kwako pale ukutani na jembe mkononi. Unakumbuka nilivyokwambia?

"Kaka, mihogo yote ni mia sita na thelathini. Theluthi yake mia mbili na kumi. Mie nna sabini. Hesabu haikai."

Ukacheka, kaka. Ukawageukia vibarua wako na shangazi Bi Kazija, ukawaambia, "Msikieni bwana! Huyu anataka kunipimia shamba kwa mihogo." Halafu kwangu: "Zuhura, kamba uliiona au hukuiona? Mkunjo mmoja kwa miwili. Mihogo haijui hesabu, na wewe uliiacha kidato cha nne. Nenda kateke maji."

Nikaenda nikateka. Nilijua jicho langu halikosei, lakini kamba niliiona kweli, mikunjo mitatu sawasawa, na wewe ndiye mwenye shahada. Nikajiambia labda ardhi yangu ina mawe mengi. Unajua mtu anavyoteseka akiwa na jawabu mkononi na hana njia ya kulifikia? Miaka mitatu nililima mihogo sabini na kujiona mjinga. Haikunitosha mimi na mtoto, mume alikwisha niacha, nikaja huku kufua na kupika. Nasra nikakuachia wewe. Nilikushukuru, tena nilikubusu mkono pale uwanja wa ndege. Kila nikikumbuka nataka kutema mate.

Sasa nakuja kwenye karatasi yako ya mpimaji. Niliisoma jikoni, nimekaa juu ya gunia la mchele. Imeandikwa eneo la kipande chako na eneo la changu, na kwamba kodi ya mwekezaji tutagawana kwa eneo. Nikagawanya. Changu moja ya tisa. Nikagawanya tena, nikadhani mpimaji kakosea, maana kamba ilisema theluthi. Ile A yangu ya zamani ilinicheka mwenyewe.

Wiki ile ile nikapata mwalimu. Binti wa nyumba hii, Shamsa, anasoma uhandisi, na kila Jumanne baada ya alasiri huja kijana wa Kisudani kumsomesha sebuleni. Mimi huingia na dele la kahawa na tende, natoka. Siku ile niliingia nikasimama. Ubaoni palikuwa na shamba letu. Kipande cha mkate wa kumimina, ncha chini, ukingo uliopinda juu.

Walikuwa wanafanya intigrali mbili, moja ndani ya nyengine, za kutafuta eneo. Mwalimu anasema umbo kama hili ukilipima kwa kulia na juu utahangaika, kwa hiyo badilisha vigeu, pima kwa umbali kutoka kwenye ncha na kwa pembe. Shamsa akabadilisha, akaandika, akapata jibu. Mwalimu akatikisa kichwa. Akachora vijipande vidogo kama vya mkeka, vya karibu na ncha vyembamba, vya mbali vipana. Akamwambia Shamsa kwamba kwenye daftari lake hivi vyote ameviandika sawa, lakini aangalie, havilingani. Kila kimoja lazima ukizidishe kwa kitu kitakachokirudishia upana wake wa kweli. Kitu hicho kinaitwa Jakobiani. Akaandika vitu vinne kati ya mistari miwili iliyosimama, akazidisha kimshazari, akatoa, na yale makosaini yote yakaliwa, ikabaki herufi moja: r, umbali wenyewe kutoka kwenye ncha.

"Umesahau r," akamwambia Shamsa. "Kwa hiyo wa karibu umempa sifa ya mtu wa mbali."

Dele lilikuwa linanichoma mkono na sikuliweka chini. Nikasema kwa Kiingereza changu cha skuli, "Mwalimu, na kamba ikikunjwa mikunjo mitatu, mkunjo wa mwanzo kutoka kwenye ncha ni sehemu gani ya eneo lote?" Wote wakanigeukia kana kwamba kabati limesema. Yule kijana, Mungu ampe kheri, hakucheka. Akaninyooshea kalamu. Nikaandika pembeni mwa ubao, nikaiita kamba nzima moja, nikaiweka r mahali pake. Kwa mkunjo wa mwanzo ikatoka moja ya kumi na nane, kwa kamba nzima nusu, nikagawanya. Moja ya tisa. Mihogo sabini katika mia sita na thelathini. Haikukosea hata kikonyo kimoja.

Shamsa alipiga makofi. Mama yake, ambaye kwao asili ni Unguja na Kiswahili chake ni kama chetu, alikuwa amesimama mlangoni.

"Zuhura," akasema, "mie nimekuleta hapa unipikie. Nikitaka mwalimu nampigia simu. Hebu futa hayo maandishi yako, halafu kalete kahawa nyengine, hiyo imeshapoa."

Nikafuta. Moja ya tisa yangu niliifuta kwa kitambaa kile kile cha kufutia meza, na tangu siku ile anayeingiza kahawa ni mwengine. Sikulia mbele yao.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo pangeweza kukuokoa. Nilikutafutia udhuru, kaka. Nikajiambia, Othmani alikuwa na msiba. Nikajiambia, mtu anasoma chuo, anafaulu, anasahau. Wazee walikunja kamba maisha yao yote, naye ni mtoto wa wazee hao, amekosea kosa la kwao. Nilitaka iwe hivyo. Wallahi nilitaka uwe mjinga, kwa sababu kaka mjinga ningeweza kuendelea kumpenda. Kwa hiyo nikakupa mtihani. Nilimwita Nasra kwenye simu, nikampa suali moja akuulize katika tuisheni yako, pale chini ya nyumba, mbele ya wenzake. Sikumwambia linahusu nini. Nilimtumia mtoto wangu mwenyewe kama chambo, na dhambi hiyo ni yangu, sikugawii hata moja ya tisa.

Nasra alinisimulia yote. Alisema siku ile ulikuwa unawafundisha wale wakubwa mambo hayo hayo ya kubadilisha vigeu, na kijana mmoja akasahau r. Ukamsimamisha, ukamvuta sikio mpaka akainama.

"Yuko wapi r?" ulimuuliza. "Ukisahau r umedhulumu mtu, unajua? Wewe baba yako akifa nduguzo watalala njaa!"

Watoto wakacheka. Nasra akanyoosha mkono.

"Mjomba, nna suali. Umbo kama hilo, kamba imekunjwa mikunjo mitatu kutoka kwenye ncha. Wa mkunjo wa mwanzo kapata theluthi?"

"Theluthi wapi!" ukasema, na Nasra anasema ulikuwa unatabasamu. "Hilo ndilo kosa la watu wa shamba. Wanaona kamba, hawaoni eneo. Huyo kapata moja ya tisa tu, maskini. Angetaka theluthi yake, kamba ingekatwa kupita nusu, hatua thelathini na tano kasoro kidogo katika sitini."

Sitini, kaka. Suali langu halikuwa na hatua hata moja. Nilimpa Nasra kamba na mikunjo, basi. Sitini uliitoa wewe.

Ukamsifu. "Mnaona? Damu yangu hiyo!" Na mwanangu, ambaye akili yake inanishinda mimi na inakushinda wewe, aliisikia ile sitini. Amewahi kuzitembea hatua zile akiwa mdogo, akinifuata na ndoo. Akasimama tena, bila ya mimi kumtuma.

"Na ikiwa kwenye ncha pana kisima, mjomba?"

Anasema uliiweka chaki juu ya meza polepole. Ukauliza, "Nani kakutuma?" Akajibu, "Hakuna, hesabu tu." Ukamaliza kipindi kama kawaida, ukawaaga watoto, ukapanda juu, na mkoba wa Nasra ukauteremsha wewe mwenyewe mpaka mlangoni. Wifi Maryam alisimama kwenye ngazi akishika goti lake, hakusema neno. Wiki saba kabla ya mtihani! Mtoto yatima wa baba aliye hai, ameondoka Kikwajuni na sare yake mkononi kwenda Makunduchi kwa shangazi, kwa sababu amekuuliza suali sahihi.

Hapo sikukutafutia udhuru tena. Umesoma r, umeisomesha r, unawavuta watoto wa watu masikio kwa ajili ya r, na siku ya kumgawia mdogo wako uliiacha kusudi mbele ya wazee wasiojua kusoma. Kisha mwekezaji alipokuja ukaikumbuka. Wakati wa kugawa ulipima kwa kamba, wakati wa kukodisha unapima kwa eneo. Nimekaa na watu wabaya huku, kaka. Kuna mmoja alimfungia mwenzetu chooni siku mbili. Lakini yule hakujifanya anamwonea huruma.

Nasra alimweleza shangazi kwa mihogo, kwa vikonyo vilivyopangwa sakafuni. Bi Kazija akaangalia, akavihesabu kwa kidole. Halafu akasema, "Kumbe Zuhura kasema kweli siku ile, na mie nikamcheka." Mtu mzima yule, umemfanya awe shahidi wa wizi bila ya kujijua.

Utasema niende kwa kadhi nikadai theluthi yangu. Ningeweza. Lakini nilitia dole na saini kwa mkono wangu, mashahidi wawili wamekwisha kufa, na kesi itakwenda mpaka mvi zinitoke. Na zaidi ya hayo, theluthi siitaki tena. Nataka ubaki na nane zako.

Hili ndilo jibu lako. Kile kipande changu chote, pamoja na kisima, nimekiweka wakfu kwa wanawake wa mtaa ule na watoto wao. Nimeandika hati mbele ya mashahidi, na mipaka nimeionyesha kwa karatasi yako ya mpimaji, ahsante sana, imesaidia. Hati ndiyo iliyomo katika bahasha ya pili ya Bi Salma, na kesho asubuhi anaipeleka ofisi ya wakfu mjini. Wakfu hauuzwi wala haurithiwi, na kukodishwa ni mpaka msimamizi atake. Msimamizi ni Nasra. Nilimuuliza kwanza, nikamweleza kwamba nikitia saini yako atarudi mjini, atakuwa na kitanda na umeme, na mimi nitakuwepo siku ya mtihani wake. Akasema, "Mama, usitie." Anatoka Makunduchi kabla ya jua kutoka na anarudi linatua, na anasoma njiani.

Mimi saini yangu nimeitia kwengine. Nimeongeza mkataba wa nyumba hii miaka miwili, maana bila ya lile fungu sina cha kurudia. Kwa hiyo usidhani nimekukomoa wewe, mimi nikabaki salama. Mtoto wangu atafanya mtihani bila ya mimi na bila ya kitanda, kwa ajili ya ukali wangu. Ningeweza kuwa mpole, tukala wote. Sikutaka. Nimejichunguza sana na nimekuta sina huruma yoyote iliyobaki kwako, na hilo linaniogopesha kuliko umasikini.

Nisalimie wifi yangu Maryam, mwambie namlaumu kwa kimya chake lakini goti nalisikitikia, apake mafuta ya karafuu. Wasalimie wanafunzi wako, hasa yule aliyevutwa sikio. Shangazi Bi Kazija nishamletea kanga kwa Bi Salma, usihangaike. Jirani zetu wote wa Kikwajuni walioniuliza, waambie Zuhura mzima.

Limebaki moja. Ukoo wetu, tangu babu, maiti wetu huoshwa kwa maji ya kisima kile. Baba alifia mjini, na wewe mwenyewe ulipanda gari kwenda Makunduchi kuyachukua kwa madumu, ukarudi umelowa mpaka kiunoni. Siku ile nilikupenda sana. Mimi nikifia huku nitaoshwa kwa maji ya bahari yaliyotolewa chumvi kwa mashine, nimekwisha kubali. Wewe utafia nyumbani, na watakuja kuomba maji kwa Nasra. Nimemwachia maagizo, nayo yamo katika hati. Wakihitaji ndoo tisa, atoe moja. Nane wazikinge mferejini, kwenye bomba la Kikwajuni, ikiwa siku hiyo maji yatakuwa yanatoka.

Nimeipima vizuri, kaka. Sikusahau r.

Mdogo wako wa mkunjo wa mwanzo,

Zuhura